Pointi au mpaka mtu agonge? Jibu kwa msomaji wa Mtwara

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasimamia kikundi kidogo cha jiu-jitsu, mchezo wa mieleka, kabali na makufuli ya viungo, hapa Mtwara mjini, mazoezi yetu tunafanyia Shangani. Tunataka kuandaa mashindano ya siku moja na wenzetu wa Lindi mwezi Novemba, pesa za korosho zikiwa zimeshaingia. Tutakuwa watu 24, wengi wao mkanda mweupe, yaani wanaoanza, wachache bluu, na tatami, mkeka wa kupigania, ni moja. Tumekwama kwenye sheria. Lindi wanasema pointi zinaua mchezo, wanataka kila mechi iishe kwa mtu kugonga, yaani kupiga mkono kuonesha amekubali kushindwa. Sisi tumezoea pointi, na tunahofia kwamba bila pointi watu wataumia au mechi hazitaisha. Ipi inatoa bingwa wa kweli?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hongereni kwanza, maana kukusanya watu 24 wenye gi, vazi la mchezo huu, huku kusini si kazi ndogo. Kwa siku yenu ningetumia pointi kwenye mtoano wote, kisha niweke mapambano mawili au matatu ya kugonga tu, yenye saa, kwa wale wenye uzoefu. Lakini ukiwapelekea Lindi jibu hilo kavu wataona umewapiga chini, kwa hiyo ngoja nikuoneshe limetoka wapi.

Hoja ya Lindi ina mizizi, wala si ubishi wa vijana. Oktoba 1951, kwenye uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Hélio Gracie, mmoja wa waanzilishi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, alikutana na mjudo Masahiko Kimura wa Japani. Walikubaliana kwamba mwereka hauhesabiwi, na kumlaza mtu chali hakuhesabiwi. Ushindi ni mtu kugonga au kuzimia, basi. Kimura alimpiga Gracie mwereka mara kadhaa na hakupata chochote kwa hilo. Raundi ya pili akamkamata mkono na kuukunja kwa kufuli ambalo mpaka leo tunaliita kimura. Gracie akagoma kugonga, kona yake ndiyo iliyorusha taulo. Hakuna aliyetoka pale akiuliza nani kashinda. Sheria hiyo ikifanya kazi, hata muuza samaki wa Feri asiyejua gadi, ile nafasi ya kupigania chini kwa kumzuia mwenzako kwa miguu, ni nini anaelewa matokeo bila kufundishwa.

Tatizo ni siku isipofanya kazi. Mwaka 1955 huyohuyo Gracie alipigana na Valdemar Santana, aliyekuwa mwanafunzi wake, katika pambano lililoruhusu hadi mateke, na likachukua zaidi ya saa tatu na nusu. Ninyi ukumbi mnaukodi kwa saa, nadhani tumeelewana.

Basi watu wakaweka saa. Metamoris, mashindano ya Ralek Gracie yaliyoanza 2012, yaliwapa wachezaji dakika 20, bila pointi, na kwa kawaida bila majaji. Muda ukiisha hakuna aliyegonga, ni sare. Na sare zikawa nyingi. Inayokumbukwa zaidi ni ya Machi 2014, Eddie Bravo dhidi ya Royler Gracie. Bravo alikuwa amemgongesha Royler kwa kabali ya miguu kwenye ADCC, mashindano makubwa ya kukabana bila gi, ya mwaka 2003, watu wakasubiri marudiano miaka zaidi ya kumi. Safari hii akambana, akamgeuza, akamvuta miguu mpaka watazamaji wakawa wanafumba macho, lakini Royler hakugonga. Sare. Ungekuwa umehesabu pointi, swali lisingekuwepo.

Bravo mwenyewe akaja na dawa mwaka huohuo, kwenye mashindano yake ya EBI. Dakika 10 za kugonga tu. Zikiisha bila mshindi, kila mmoja kwa zamu anaanza akiwa tayari mgongoni kwa mwenzake, miguu imeshaingia, au akiwa tayari ameudaka mkono wa mwenzake katikati ya mapaja. Wanakwenda hivyo mpaka raundi tatu. Ikiwa bado hakuna aliyemalizwa, zinajumlishwa sekunde, na aliyechomoka haraka zaidi ndiye mshindi. Uwatazamishe Lindi mechi moja ya namna hiyo iliyofika mwisho, halafu uwaulize: huyu kashinda kwa kugongesha, au kashinda kwa saa?

Kwa hiyo hakuna mashindano yasiyohesabu. Ukiondoa pointi, hesabu inahamia kwa saa, au kwa majaji, au inaishia kwenye sare. ADCC, inayochezwa tangu 1998 chini ya mlezi wa Abu Dhabi, Sheikh Tahnoon bin Zayed, iliamua kugawa: nusu ya kwanza ya mechi pointi hazihesabiwi kabisa, nusu ya pili zinahesabiwa, na hapo ukijikalisha chini mwenyewe kukwepa mwereka unapewa pointi hasi. Agosti 2024, mchezaji Craig Jones alipoandaa mashindano yake Las Vegas kwa zawadi ya dola milioni 1, majaji walihesabu raundi kama za ndondi. Watu wenye pesa zote hizo, na bado kila mmoja amelazimika kuamua nani atahesabu nini. Hata ninyi itabidi muamue, ila mfanye hivyo mezani kabla ya Novemba, msije mkafanya juu ya tatami watu wamesimama.

Sasa pointi zenyewe. Za IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiu-jitsu ya Kibrazili, unazijua, ila nazitaja ili ukizipeleka Lindi uzipeleke na sababu zake. Mwereka ni 2, kupindua ukiwa chini ni 2, goti tumboni ni 2, kuvuka miguu ya mwenzako ni 3, kumkalia kifuani ni 4, kuchukua mgongo miguu yote miwili ikiwa imeingia ni 4. Namba hizi hazikuokotwa. Jiulize tu: hapa pangeruhusiwa ngumi, nani angekuwa hatarini? Aliyekaliwa kifuani hana pa kukimbilia, aliyechukuliwa mgongo hata haoni ngumi inatokea wapi. Ndiyo maana nafasi hizo mbili zina pointi nyingi kuliko zote. Anayesema pointi hazina uhusiano na mapigano hajawahi kukaliwa kifuani na mtu wa kilo 90.

Kila nafasi lazima ishikwe sekunde tatu. Hapo ndipo mashindano madogo yanapoharibikia, kwa hiyo tuzitazame kwa karibu. Mchezaji wa chini kashika mkono wa gi ya mwenzake na kitambaa cha goti. Anasukuma, mwenzake anaanguka ubavu, yeye anapanda juu. Refa anaanza kuhesabu. Moja: aliyeanguka kashapenyeza goti katikati. Mbili: kasukuma nyonga, kashika kola, anainuka. Kabla ya tatu yuko juu tena. Kwa sheria, hakuna pointi. Lakini ukumbi wote umemwona jamaa akipindua, nusu ya ukumbi ni ndugu zake, na kelele zinapigwa. Refa mgeni wa kazi atainua vidole viwili kwa sababu ya kelele, na hapo hapo mtakuwa mmepoteza wageni wenu wa Lindi. Mazoezi ya refa ni lazima yafanyike kabla, kwenye mechi za kawaida za jioni, watu wakimpigia kelele makusudi.

Lindi wako sahihi kwenye jambo moja, na usiwabishie: pointi huzaa watu wa kupaki basi. Mtu anapata 2–0 dakika ya kwanza, kisha anashika kola na kulala juu ya mwenzake dakika nne kama anasubiri gari. Sheria ina dawa yake. Refa akiona mtu hasongi mbele kwa sekunde 20 anampa adhabu: ya kwanza inaandikwa tu, ya pili mpinzani anapata adivantaji (alama ndogo inayoamua pointi zikilingana), ya tatu anapata pointi 2, ya nne mchezaji anatolewa. Ila dawa hiyo inahitaji refa mwenye moyo wa kuitumia.

Na kuna kisa ambacho pande zote mbili hukitumia kama ushahidi. Fainali ya uzito huria, ambako uzito wote hukutana, ya ubingwa wa dunia mwaka 2004, Roger Gracie alimdaka mkono Ronaldo "Jacaré" Souza. Kiwiko kikaumia vibaya, Souza hakugonga. Alikuwa anaongoza kwa pointi, akachomoka, akauchomeka mkono kwenye mkanda, akamkwepa Gracie mpaka saa ikaisha. Bingwa ni Souza. Lindi watakwambia hapo mshindi halisi alikuwa Gracie, maana angeendelea dakika mbili zaidi mwenzake ana mkono mmoja. Mimi naona wote wawili walikuwa wanajua sheria kabla ya kupanda, na Souza aliipata ile pointi ya kuongoza dhidi ya Roger Gracie, jambo ambalo si la kila mtu. Lakini sitaki kijana wako wa mkanda mweupe aige ule mkono. Mwambieni hivyo waziwazi.

Swali lako la bingwa wa kweli nalijibu hivi: sheria haimtafuti mtu aliye bora kwa ujumla, inamtafuta aliye bora katika kile inachokilipa. Na inachokilipa Jumamosi ndicho watu watakachofanyia mazoezi kuanzia Jumatatu. Ukiweka pointi, vijana wako wataanza kujifunza mwereka na kuvuka miguu, maana vina thamani. Ukiweka kugonga tu, mkanda mweupe atakaa chini mapema, atarukia mkono kutoka mbali, akikosa ataishia chini na hajali, kwa sababu kuwa chini hakumgharimu kitu. Atacheza hivyo mwaka mzima. Ninawafundisha vijana, na hili nimeliona likirudi kwenye mazoezi wiki moja tu baada ya mashindano: mtu anaacha nafasi nzuri kabisa kufuata kufuli ambalo bado hajalijua.

Kwa mkanda mweusi ni kitabu kingine. Yeye nafasi anazijua usingizini, na kugonga tu kunamfungua, kunamruhusu kuhatarisha nafasi ili amalize mechi. Ndiyo maana mapambano mazuri ya kugonga tu ni ya watu waliokwisha iva.

Kuna sababu nyingine ya kuweka pointi kwenye mtoano, nayo ni hesabu ya kawaida. Mkiwagawa watu 24 katika uzito wa aina nne, sita sita, kila kundi lina mechi tano, jumla 20. Kwa dakika 5 za mkanda mweupe ni dakika 100. Ongeza dakika 2 za kubadilishana kila mechi, unapata saa 2 na dakika 20. Nzuri. Sasa chukua mtindo wa EBI: dakika 10, kisha raundi tatu za nyongeza, kila mmoja zamu yake, tuseme dakika 2 kila zamu. Mechi moja inaweza kufika dakika 22. Zote zikifika huko ni dakika 440, zaidi ya saa saba, kabla hata ya kubadilishana. Na mchezaji anayetoka mzunguko wa kwanza mpaka fainali atacheza mechi tatu, yaani mpaka dakika 66 za kushikana. Novemba, Mtwara, ndani ya gi iliyolowa jasho! Wenzako nao wana kosta ya kuwarudisha Lindi kupitia Mingoyo, zaidi ya kilomita 100.

Mtoano unadai mshindi kila mechi, kwa sababu lazima mtu apande mzunguko unaofuata. Pambano la peke yake halidai. Metamoris ilivumilia sare kwa kuwa hakuna aliyekuwa anasubiriwa kwenye nusu fainali. Basi wapeni Lindi kile wanachokitaka mahali ambapo hakiumizi ratiba: baada ya fainali, mapambano mawili au matatu, mmoja wa Lindi na mmoja wa Mtwara, mkanda bluu kwenda juu, uzito unaolingana. Dakika 12, kugonga tu, muda ukiisha ni sare na wote wanainuliwa mikono. Msiongeze raundi za EBI. Binafsi sizipendi: mgongo ni kitu cha kutafutwa kwa jasho, na pale mtu anakabidhiwa bure, mjanja anaweza kujibana dakika 10 zote akisubiri zawadi yake. Na niamini, watazamaji wenu wataanza kusahau fainali watakapoona mtu anapigwa kabali ya nyuma na vijana wa mlangoni wanapaza sauti "roba hiyo, roba!"

Kwenye mtoano, fungeni hivi. Mkanda mweupe dakika 5, bluu 6, pointi za IBJJF kama zilivyo, ila futeni adivantaji. Zile ni za refa mzoefu anayeweza kutofautisha kufuli lililokaribia na kufuli la kujionesha. Kwenu zitaleta maneno. Ikiwa sare, ongezeni dakika 2 na pointi ya kwanza inamaliza mechi. Aliyecheza judo atawaeleza wenzake, wana kitu cha namna hiyo. Bado sare? Majaji watatu, bendera mbili za rangi kila mmoja, wanainua kwa pamoja bila kutazamana. Na ili Lindi wasione kugonga kumedharauliwa, wekeni medali ya mtu aliyegongesha haraka kuliko wote. Ni medali moja tu lakini itabadilisha watu wanavyocheza. Wakati wowote mtu akigonga mechi imeisha, hata kama alikuwa anaongoza 15–0. Hili wageni wa mchezo hawalijui na linafaa kutangazwa kwenye kipaza sauti.

Kuhusu kuumia, hofu yako ni ya haki lakini umeielekeza pasipo pake. Kinachoumiza si kukosekana kwa pointi, ni makufuli mnayoyaruhusu. Pigeni marufuku, kwenye mtoano na kwenye mapambano pia: kufuli la kisigino na kila linalosokota goti, kukunja shingo bila kabali, kuruka na kumkata mtu miguu kwa mkasi, kumnyanyua na kumbamiza chini. Mkanda mweupe asiruke gadi wala asikunje kifundo cha mkono. Kufuli la kisigino hata IBJJF ililifungulia mlango mwaka 2021 tu, tena kwa mkanda kahawia na mweusi wanaocheza bila gi. Goti lina tabia ya kutouma mpaka liwe limeshachanika, kwa hiyo mtu anachelewa kugonga bila hata kuwa mkaidi.

Wafundisheni pia kwamba kugonga ni kwa mkono, kwa mguu, au kwa mdomo, na kwamba mtu akipiga ukelele wa maumivu refa anahesabu amegonga, asije akalalamika baadaye. Kwenye kabali, mchezaji akilegea refa anawaachanisha papo hapo. Na kwa mkanda mweupe mpe refa ruhusa ya kusimamisha mkono ulionyooka hata kama kijana anakunja uso na kukataa. Watu watapiga kelele, waache wapige.

Kama mtaweka watoto, ni pointi tupu, bila mapambano ya kugonga.

Novemba nakubali kwa sababu ya korosho, lakini anzeni saa 1 asubuhi, mtoano uishe kabla ya saa 5, watu wapumzike, fainali na mapambano muyapeleke saa 10 jioni. Maji yawe mengi, na gi ya pili kwa atakayefika fainali.

Sheria ziandikwe ukurasa mmoja, zifike Lindi wiki tatu kabla, na kocha wao arudishe akiwa ametia saini. Refa asiwe kocha wa mtu yeyote aliye kwenye mechi anayoichezesha. Ikiwa hamna wa kutosha pande zote mbili, waombeni Dar es Salaam mapema, na nauli na malazi yao viingie kwenye bajeti kabla hamjaagiza medali.